Yohani Kinyala Lauwo: Kijana wa Marangu Aliyeongoza Njia ya Kuelekea Barafu ya Kibo

Na Mwandishi Wetu

Katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, ardhi ni tambarare, jua ni kali na zao linalotajwa kwanza ni pamba. Mtoto anayekulia huko huijua barafu kwa kushika kipande kilichotoka katika jokofu la dukani. Mlima Kilimanjaro naye huujua kwa kuutazama katika nembo ya Taifa, ambamo mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya mlima huo kando ya ngao ya Jamhuri. Kila mwaka pia huusikia ukitajwa pale Mwenge wa Uhuru unapokimbizwa katika halmashauri zote za nchi, kwa kuwa Mwenge huo uliwashwa kwanza juu ya kilele chake, usiku wa kuamkia uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961.

Luteni Alexander Gwebe Nyirenda, aliyepandisha Mwenge na Bendera usiku ule, anakumbukwa katika vitabu vya shule. Hata hivyo, miaka 72 kabla yake, vijana wengine wa nchi hii walikwishapanda kuelekea barafu hiyo hiyo, wakibeba mizigo ya wageni na kuwaonesha njia. Jina lililodumu kuliko yote miongoni mwao ni la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyefariki dunia tarehe 10 Mei 1996. Maisha yake yanagusa historia ya mlima, ya utawala wa kigeni na ya kazi ambayo leo inawapatia riziki maelfu ya Watanzania.

Lauwo hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake ulikadiriwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka safari ya mwaka 1889, ambapo inasimuliwa kuwa alikuwa kijana wa miaka 18. Kwa hesabu hiyo alizaliwa mwaka 1871 hivi, katika ardhi ya Marangu, upande wa kusini mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Mwaka huo huo wa 1871, mmisionari Mwingereza Charles New alipanda kutoka upande wa Moshi, kwa ridhaa ya Mangi Rindi, akafika mahali theluji inapoanzia. Mlima ambao Lauwo alizaliwa chini yake ulikuwa tayari umeanza kuvuta macho ya dunia.

Kwa Wachaga wenyewe mlima haukuwa jambo geni. Walioga maji yake, walimwagilia migomba yao kwa mifereji iliyochimbwa kwa ustadi kutoka katika mito yake, na wafu wao waliwazika wakiwa wameelekezwa Kibo. Wazee waliwasimulia watoto habari za Kibo na Mawenzi kama ndugu wawili waliogombana, Kibo akampiga mwenzake hata akabaki na kichwa kilichochanika, kama kinavyoonekana hadi leo. Msitu ulikuwa shamba la pili la ukoo: humo walipata asali, dawa, kuni, ngozi za mbega na pembe za ndovu. Juu ya msitu walikwenda wachache, na juu ya nyika ya mawe, mahali penye weupe, hawakwenda ila wenye sababu kubwa.

Sababu ya kuogopa ilikuwepo. Katikati ya karne ya 19, wamisionari Johannes Rebmann na Ludwig Krapf waliandika habari walizozisikia kuhusu Mangi Rengua wa Machame, aliyepeleka kundi la watu kwenda kuchunguza kitu kile cheupe kilichong'aa kama fedha. Aliyerudi akiwa hai alikuwa mmoja tu, aliyeitwa Sabaya, naye alirejea na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Rebmann mwenyewe aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa mbali tarehe 11 Mei 1848, akiwa ameongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara. Alipoandika habari hiyo, baadhi ya wanajiografia wa Ulaya waliikataa. Hawakuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta, jambo ambalo kila mkulima wa Uchagani alilitazama kila asubuhi alipotoka nje ya nyumba yake.

Ufafanuzi wake ni mwepesi. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita hivi za Selsiasi. Aliyeko Marangu katika joto la kawaida, akipanda hadi mita 5,895 ambazo ndizo kimo cha kilele, hukutana na baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri, hasa usiku. Tena hewa huko juu ni nyepesi kiasi kwamba kila pumzi humpa mtu takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata usawa wa bahari. Kwa hiyo Kilimanjaro haungoji majira ya baridi kama milima ya Ulaya. Mpandaji huvuka kutoka kiangazi hadi baridi kali ndani ya siku chache, kwa miguu yake mwenyewe.

Wageni kadhaa walijaribu kufika juu wakashindwa. Baron Karl Klaus von der Decken, akiwa na Otto Kersten, alipanda mwaka 1862 akafika mita 4,200 na ushei. Mwaka 1887 Mhungaria Samuel Teleki alipanda juu zaidi, lakini alirudishwa na hewa nyembamba. Mwaka huo huo alitokea Hans Meyer, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1858 katika familia ya wachapishaji wa vitabu. Naye alifika penye ukuta wa barafu wa Kibo, akakosa vifaa na mwenzake wa kuuvuka, akateremka.

Meyer alirudi mwaka 1888 pamoja na Oscar Baumann, lakini hawakuuona mlima kwa karibu. Pwani ilikuwa imewaka moto wa mapambano yaliyoongozwa na Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Meyer na Baumann walitekwa, wakafungwa minyororo, na waliachiwa baada ya kulipa fidia. Mwaka 1889 Meyer alikuja kwa mara ya tatu. Safari hii alipitia Mombasa, na alifuatana na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, Austria, aliyekuwa amepanda mamia ya vilele vya Alps pamoja na rafiki zake bila kutegemea waongozaji wa kulipwa.

Msafara ulifika Marangu mwishoni mwa Septemba. Mangi Marealle, mtawala wa Marangu, aliwapokea. Mtawala huyo alikuwa hodari katika siasa. Alijua kuwa ugeni ule ungeweza kumwongezea nguvu mbele ya wapinzani wake wa Moshi na Kibosho. Hapa ndipo simulizi ya Marangu inapomleta Kinyala Lauwo katika historia. Inaelezwa kuwa kijana huyo alikuwa ameitwa katika baraza la Mangi kujibu kosa la kukwepa kazi ya kutengeneza barabara. Wageni walipoomba mtu wa kuwaonesha njia ya msituni, wazee walimtazama kijana aliyezoea kuzurura katika msitu huo kwa uwindaji na utafutaji wa asali. Aliyesimama kama mkosaji akatoka barazani akiwa mwongozaji.

Njia ya msituni haikuwa jambo dogo. Ukanda wa msitu wa Kilimanjaro ni mnene na wenye mvua nyingi. Ukungu hushuka ghafla, mizizi huteleza, na mabonde ya mito huwapotosha wasioyajua. Mwenye dira na ramani tupu angeweza kuzunguka siku nyingi pasipo kutokeza upande wa pili. Mwenyeji alijua mapito ya wawindaji, mahali pa kuvukia maji na miamba inayoweza kuwasitiri watu wakati wa mvua. Simulizi inaeleza kuwa Lauwo na wenzake walipanda wakiwa na mavazi mepesi na mablanketi, hali wageni walikuwa na viatu vya ngozi vyenye misumari, nguo za sufu na miwani ya kukinga macho dhidi ya mng'ao wa theluji.

Mpango wa Meyer ulikuwa na jambo moja jipya, na jambo hilo lilitegemea miguu ya Waafrika. Safari zilizotangulia zilishindwa kwa kuwa chakula kiliwaishia wapandaji kabla ya kupata muda wa kujaribu tena. Safari hii ziliwekwa kambi kwa ngazi: moja Marangu, nyingine juu ya msitu, na nyingine katika nyika ya mawe kati ya Kibo na Mawenzi, yapata mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Wapagazi walipanda na kushuka kila baada ya siku chache wakipeleka chakula na kuni. Katika kambi ya juu alibaki Mwini Amani wa Pangani, aliyevumilia baridi ya usiku akilinda hema na kuwasha moto huku Wazungu wawili wakienda kuitafuta njia ya barafuni. Bila watu hao, kujaribu kwa mara ya pili kusingewezekana.

Tarehe 3 Oktoba 1889, Meyer na Purtscheller waliondoka kambini usiku wa manane. Walipofika penye barafu walijifunga kamba moja, na Purtscheller alitangulia akichonga vidato kwa shoka la barafu. Barafu ilikuwa ngumu kama kioo na mteremko ulikuwa mkali; kila kidato kilihitaji mapigo mengi, na mwenye kukosea hatua mmoja angewavuta wote wawili bondeni. Walifika ukingo wa kreta baada ya adhuhuri, wakaona kwa mara ya kwanza tundu kubwa lililomo juu ya Kibo. Waliona pia kuwa kilele chenyewe kilikuwa bado mbele, upande wa kushoto, umbali wa mwendo wa zaidi ya saa moja. Nguvu zilikuwa zimekwisha na siku ilikuwa inakwenda. Walikubaliana kurudi.

Uamuzi huo unastahili kuangaliwa na kila anayepanda mlima leo. Walikuwa wamekwisha kuona shabaha yao kwa macho, nao wakaiacha kwa sababu walijua kuwa nusu ya safari ya mlima ni kushuka. Baada ya kupumzika walilala usiku wa tarehe 5 katika pango lililo karibu zaidi na barafu. Alfajiri ya tarehe 6 Oktoba walivikuta vidato vya siku tatu zilizopita vikiwa bado vinafaa, na saa nne na nusu hivi asubuhi walisimama juu ya kilele. Siku hiyo Purtscheller alikuwa akitimiza miaka 40 tangu kuzaliwa kwake.

Meyer alikipa kilele jina la mfalme wa Ujerumani, akachukua jiwe la juu kabisa na baadaye akalipeleka kwa mfalme huyo, likawekwa katika kasri la Potsdam. Tendo hilo halikuwa la kitalii tu. Ulikuwa wakati wa mataifa ya Ulaya kugawana Afrika, na kukipa kilele jina kulikuwa sehemu ya kuitwaa nchi. Mlima uliokuwa na wenyewe, wenye mashamba, mifereji, makaburi na mangi wao, uliandikwa katika ramani kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuuona.

Masimulizi mengine humfikisha Lauwo hadi kileleni siku ile. Kumbukumbu zilizoandikwa za msafara zinawataja Meyer na Purtscheller peke yao kuwa ndio waliosimama juu. Heshima ya Lauwo haihitaji kuongezewa mita hizo za mwisho. Mpandaji wa kwanza husifiwa kwa hatua ya mwisho, na mwongozaji hupimwa kwa hatua zote zilizotangulia: kupita msituni salama, kuifikisha mizigo, kuusoma ukungu, kuwarudisha watu majumbani kwao wakiwa hai. Jiwe lilikwenda Potsdam, na ujuzi wa njia ukabaki Marangu, ambako umeendelea kurithishwa.

Miaka iliyofuata haikuwa ya amani. Mwaka 1892 Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani vitani. Mwaka uliofuata walirudi kwa nguvu kubwa wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa mjini Moshi pamoja na viongozi wengine wa Uchagani na wa jirani. Lauwo, ambaye wakati huo angekuwa na umri wa miaka 29 hivi, aliishi katika nchi ambayo barabara, kodi na kazi za lazima vilikuwa amri ya kila siku. Mmisionari na mlowezi walikuja, kahawa ikaingia, na reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliichukua Moshi katika Vita Kuu ya Kwanza, na bendera nyingine ikapandishwa.

Katika mabadiliko hayo yote mlima uliendelea kuita watu. Mwaka 1912 Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute walifika kilele cha Mawenzi, ambacho Meyer na Purtscheller walikuwa wamekijaribu bila kukifikia. Wapandaji wakaongezeka, vibanda vya kulala vikajengwa, na Marangu ikawa mlango mkuu wa safari za Kibo. Lauwo aliifanya kazi ya kuongoza wageni kuwa maisha yake. Simulizi humhesabia zaidi ya miaka 70 ya kupanda na kushuka. Aliowaongoza walikuja na viatu vilivyozidi kuwa bora, mahema mepesi na vyakula vya makopo. Chake yeye kilibaki kile kile: macho, masikio na mwendo wa polepole.

Mwendo huo wa polepole ndio elimu kubwa ya mlima. Mwili wa binadamu huhitaji muda ili uizoee hewa nyembamba. Anayekimbilia juu kwa kutegemea ujana wake huumwa kichwa, hutapika na kupoteza nguvu. Akipuuza dalili hizo, mapafu au ubongo huweza kujaa maji na maisha yake yakawa hatarini. Dawa ya uhakika ni kushuka mara moja. Mwongozaji mzoefu humtazama mgeni anavyotembea, anavyojibu maneno na anavyokula, na humjua aliyezidiwa kabla mwenyewe hajakiri. Katika njia yenye barafu huwa mwangalifu maradufu, kwa kuwa aliyechoka huteleza. Ndiyo maana kundi la marafiki wanaopanda pamoja halipaswi kwenda kwa kasi ya aliye hodari, ila kwa kasi ya aliye dhaifu kuliko wote.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Lauwo alikuwa tayari mzee. Kilele kilichobeba jina la mfalme wa kigeni kikaitwa Uhuru. Miaka miwili kabla ya hapo, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameeleza katika Baraza la Kutunga Sheria nia ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uwe ishara ya tumaini, upendo na heshima kwa watu wanaoonewa. Mahali ambapo ukoloni uliweka alama yake, Taifa jipya liliweka yake. Kwa mtu wa Marangu aliyeziona zama za mangi, za Mjerumani na za Mwingereza, mabadiliko ya jina hilo moja yalikuwa muhtasari wa maisha yake yote.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, na mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, iliadhimishwa miaka 100 tangu safari ya Meyer na Purtscheller. Katika maadhimisho hayo Mzee Lauwo alijitokeza kama mtu pekee aliye hai kati ya wale waliohusishwa na safari ile. Mtu ambaye kwa miaka mingi alijulikana na majirani na wapanda mlima alijulikana sasa kimataifa. Alizawadiwa nyumba ya kisasa huko Ashira, Marangu, alimoishi hadi mwisho wa uhai wake.

Tunzo hiyo ilichelewa, lakini ilisahihisha jambo la msingi. Kwa karne moja historia ya kupandwa kwa Kilimanjaro iliandikwa kwa majina mawili ya Ulaya. Katika lango la Marangu leo ipo kumbukumbu ya Hans Meyer, na ipo pia kumbukumbu ya waongozaji na wapagazi wenyeji, ambamo jina la Lauwo limo. Mgeni anayejiandikisha kuanza safari huyaona majina ya pande zote mbili kabla ya kuingia msituni, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa hesabu ya wazee wa Marangu, Lauwo alifariki akiwa na miaka takriban 125. Alikuwa ameishi katika karne ya 19 na ya 20, chini ya mangi, magavana na marais. Aliacha kazi ambayo wengi wameirithi. Leo hakuna mgeni anayeruhusiwa kupanda Kilimanjaro pasipo mwongozaji mwenye leseni. Nyuma ya kila mgeni wapo wapishi na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, wanaobeba mahema, chakula na maji ili mwingine afike kileleni na kupiga picha. Uzito wa mzigo, ubora wa viatu na mavazi, chakula na malipo ya haki kwa wafanyakazi hao ni mambo yanayoamua kama nchi imejifunza kitu kutokana na maisha ya Lauwo. Kijana mwenye blanketi alikuwa na udhuru wa zama zake. Mwajiri wa leo hana udhuru wa kumpeleka mtu barafuni bila koti.

Vifaa vimebadilika sana. Vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo huwapokea wapandaji katika njia ya Marangu, na mwaka 2022 huduma ya intaneti ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, jambo linalorahisisha kuomba msaada mtu anapozidiwa. Pamoja na hayo, mlima haujawa mwepesi. Baridi ni ile ile, hewa ni ile ile, na wanaorudi salama bado ni wale wanaomsikiliza mwongozaji anapowaambia wageuke.

Kilichopungua ni barafu yenyewe. Mwaka 1912, Lauwo akiwa mtu mzima, barafu ya Kilimanjaro ilifunika eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007, watafiti walikuta kuwa asilimia 85 ya barafu hiyo imetoweka, na iliyobaki imekatika vipande vipande. Wataalamu wanahusisha hali hiyo na hewa iliyozidi kuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na ongezeko la joto duniani. Ukuta wa barafu uliomzuia Meyer mwaka 1887, na ambao Purtscheller aliuchonga vidato mwaka 1889, haupo tena kama walivyoukuta. Wapandaji wengi wa leo hufika kilele cha Uhuru wakikanyaga changarawe na vumbi la volkano, wakiitazama barafu kwa pembeni.

Habari hiyo inamhusu pia mkulima wa Ngulyati, ingawa mlima hauonekani kutoka shambani kwake. Mvua zinazochelewa kwenye pamba na mahindi ya Simiyu, na theluji isiyoanguka vya kutosha juu ya Kibo, ni sura mbili za hali ya hewa inayobadilika. Kupanda miti, kulinda vyanzo vya maji na kuacha kuchoma misitu ni wajibu wa wote, wa tambarare na wa milimani.

Kwa vijana wa Simiyu na wa mikoa mingine ambao hawajawahi kuiona theluji, mlima huu ni wao pia. Viingilio vya hifadhi kwa Watanzania ni vya chini kuliko vya wageni kutoka nje, na makundi ya wanafunzi, wafanyakazi na marafiki yamekuwa yakijiunga kupanda pamoja. Wanaojiandaa kwa mazoezi, wakavaa nguo za kutosha, wakanywa maji mengi na kupanda bila haraka, hujionea kwa macho yao ile nembo waliyoizoea ukutani. Watapita msitu ule ule, watavuka nyika ile ile, na mbele yao atatangulia mwongozaji ambaye, ajue au asijue, anaifanya kazi aliyoianza kijana mmoja wa Marangu aliyeitwa barazani kujibu kosa na akatoka akiwa amepewa mlima.